U3A sio chuo cha kutafutia digrii jamani

Watu wengi wakisikia "Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu" (ndo hiyo U3A, University of the Third Age, yaani wastaafu wanaokutana kujifunza pamoja) wanadhani ni digrii za uzeeni, eti mpaka uwe na vyeti ndo upokelewe. Hapana bana. Kilianzia Toulouse, Ufaransa, 1973, na kule kweli kilikuwa ndani ya chuo kikuu, ila Uingereza walipoanza 1982 wakageuza kabisa, hakuna mtihani, hakuna cheti, wanachama wenyewe ndo wanafundishana, yaani fundi umeme mstaafu leo anaongoza kikundi cha kutazama ndege, kesho yeye ndo kakaa na daftari anasahihishwa Kifaransa na mwenzake. Na safari zao za makumbusho sio kupelekwa kama watoto, mara nyingi mmoja wao kashasoma habari za pale ndo anawaelezea wengine, chai baadaye (hiyo haikosi).