Thelathini ya nini? Fundi mitambo na hesabu ya kiingilio

Mpwa wangu alinipigia simu Ijumaa. Yeye na wenzake watatu walikuwa wanabishana kama waende au wasiende kwenye onyesho la kesho yake, kiingilio elfu thelathini kawaida, laki moja VIP. "Shikamoo mjomba. Wewe si uko kwenye kazi hizi? Hebu niambie, thelathini ya nini wakati nyimbo zote ninazo kwenye simu?"

Nikamuuliza kitu kimoja tu: huyo msanii anakuja na bendi, au anakuja na flashi yenye nyimbo zilizokwisha rekodiwa? Hakujua. Nikamwambia akaulize, halafu anipigie tena. Nilipokuwa namsubiri nikaona bora niandike kabisa, maana swali hilo naulizwa kila wiki, na wengi wanaouliza wameshaamua moyoni kwamba wanaibiwa.

Mimi ni fundi mitambo. Nakaa nyuma ya mikisa, ile meza yenye vitufe vingi katikati ya ukumbi, nahakikisha unachosikia kinafanana na kinachopigwa. Nilianza kwa kubeba spika na kukunja nyaya za bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo kiingilio nimekiona sana kutoka upande wa pili wa geti: alfajiri, noti zikihesabiwa juu ya kasha la gitaa, watu wamechoka na hakuna anayeongea.

Tuchukue ukumbi wa kawaida wa dansi, si uwanja wa mpira. Wameingia watu 250, kila mmoja elfu kumi. Mlangoni kuna 2,500,000, na mtu akisikia hivyo anasema hawa jamaa wanakula. Sasa hesabu vichwa. Waimbaji wanne, magitaa manne ukijumlisha besi, kinanda, drams, tumba, tarumbeta: hao 12. Wanenguaji wanne. Mafundi wawili, dereva, meneja, watu wawili wa mlangoni. Jumla 22. Ukigawa sawasawa bila kutoa hata senti ya gharama, kila mmoja anapata kama laki moja na elfu kumi na tatu. Lakini kabla ya mgao kuna mafuta ya jenereta, gari, kibali, matangazo, chakula, na kukodi muziki (sisi tukisema "muziki" hapo tunamaanisha spika na mitambo yake). Tuseme gharama zimekula nusu tu, ambayo ni bahati. Imebaki elfu hamsini na sita kwa kichwa, kwa mtu aliyeanza kushusha vyombo saa tisa alasiri na kuvipakia saa kumi alfajiri. Mazoezi ya katikati ya wiki hayamo humo.

Mwandaaji mkubwa, aliyesajiliwa VAT, ana mkato mwingine. Kwa VAT ya asilimia 18, katika elfu thelathini ya mpwa wangu, 4,576 ni ya serikali. Wengi hukosea hapa wakachukua asilimia 18 ya bei yote na kupata 5,400, wakati kodi tayari imo ndani ya bei, hivyo unazidisha kwa 18 halafu unagawa kwa 118. Nimeona watu wazima wakigombana kwa tofauti hiyo.

Mapatano niliyoyazoea ni haya: pesa za geti ni za bendi, za vinywaji ni za mwenye ukumbi. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandikwa "kiingilio kinywaji chako", usidhani muziki ni bure. Bei imehamia kwenye chupa, na bendi imelipwa kiasi kilichopangwa mapema, watu wajae wasijae. Mimi mpango huo siupendi. Mwenye ukumbi hataki wimbo wa kusikiliza, anataka watu watoke jasho wanywe. Nimewahi kuletewa kikaratasi kwenye mikisa, bendi iko kwenye ubeti wa pili wa wimbo mzuri wa taratibu: "Waambie waingie kwenye chemko sasa hivi," yaani ile sehemu ya kasi ya kuchezeka. Mwimbaji alikuwa hajafika hata kwenye kisa chenyewe.

Pesa nyingine haipiti mlangoni kabisa. Kwenye taarabu kuna kutunza: mama anainuka kwenye kiti, anacheza taratibu hadi mbele, anamwekea mwimbaji noti, anarudi bila haraka ili aonekane vizuri. Kinshasa wana mabanga, majina ya wakubwa yanayotajwa ndani ya wimbo, na mwenye jina hulipia. Dansi letu limeiga hilo bila aibu. Ukisikia jina la mfanyabiashara limetajwa mara nne katika wimbo mmoja, jua amekusaidia kulipa kiingilio chako.

Sasa kuna wazee wangu, nawaheshimu sana, ambao kila wakinikuta wananiambia zamani muziki ulikuwa wa mtu wa kawaida, siku hizi ni wa wenye nazo. Ni kweli mlangoni walilipa kidogo. Ila zamani sehemu kubwa ya gharama ililipwa na mtu mwingine. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Polisi na jeshi walikuwa na zao. Mlimani Park, hao Sikinde, ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwajiri alinunua vyombo, alilipa mishahara, na wanamuziki walipata mgao wa mlangoni juu yake. Spika ikiungua, ofisi inanunua nyingine. Mashirika yalipolegea na kujitoa, gharama zile zile zikabaki zinatafuta mwenyewe. Zimekupata wewe, pale getini.

Na tusidanganyane kwamba walikuwa wanakula kwenye kurekodi. Walirekodi Radio Tanzania, santuri zikakandamizwa Kenya kwa sababu hapa hapakuwa na kiwanda, na senti za santuri ziliishia njiani. Ukumbi ndio uliokuwa shamba lao, kama ulivyo leo.

Kuna jambo moja zaidi linalofanya bei ipande hata pasipo mwizi. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliliandika vizuri kuhusu sanaa za jukwaani. Kiwanda kikipata mashine mpya, watu wale wale wanatoa bidhaa mara kumi. Muziki wa jukwaani haupati mashine hiyo. Wimbo wa dansi uliohitaji magitaa ya solo, solo la pili, rithimu na besi mwaka 1978 bado unahitaji watu wanne wale wale, kwa dakika zile zile, na wanaishi kwenye mji ambao kodi ya nyumba na nauli vimepanda. Redio ya mkononi imeshuka bei. Mpiga solo hawezi kushuka, ana watoto shuleni.

Mfano wa karibu ni tamasha la muziki la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe Unguja. Lilianza 2004, na tangu zamani lina bei za ngazi: Mtanzania analipa kidogo, mgeni wa mbali analipa zaidi sana. Ukumbi unajaa, mji mzima unanufaika, hoteli, pweza wa Forodhani, bodaboda. Na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu pesa za wafadhili hazikutosha. Lilirudi 2017. Kwa hiyo hata tamasha lenye jina, lenye wageni wanaolipa kwa dola, tiketi peke yake haikulibeba.

Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wana kilio tofauti, na mara nyingi tunakichanganya na chetu. Kule Taylor Swift alipiga maonyesho 149 kati ya 2023 na 2024 na tiketi zikapita dola bilioni 2. Novemba 2022 mfumo wa Ticketmaster ulizidiwa siku mashabiki waliosajiliwa mapema walipofunguliwa dirisha la kununua, na Mei 2024 serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni mama, Live Nation, ikidai inahodhi soko. Kwao watu ni wengi kuliko viti, na bei inapanda ukiwa bado kwenye foleni ya mtandaoni. Kwetu viti ni vingi kuliko watu hadi saa tano usiku. Ikifika saa nane wa mlangoni anakuangalia, anaangalia ndani, anakwambia "ingia na elfu tano, bosi".

Nirudi kwenye flashi. Msanii akija na flashi, mimi nachomeka, sauti yake ya studio inatoka kwenye spika, yeye anaongeza "mikono juu" kwenye maiki. Hiyo ndiyo pleibeki. Stejini yuko yeye, DJ, na wachezaji. Gharama yake ni ndogo na kiingilio mara nyingi ni kile kile cha bendi, au zaidi. Wapo wanaoifanya kwa nguvu zao zote na watu wakafurahi, siwanyimi haki yao. Ila kama swali ni "nyimbo si ninazo kwenye simu", basi jibu kwa flashi ni ndiyo, unazo, na nilichokupigia ni hicho hicho kwa sauti kubwa. Wimbo wa bendi wa dakika sita kwenye simu, ukumbini unafika kumi na tano. Mpiga solo akiona meza fulani imeinuka, anarudia kipande chake, rithimu anamfuata, mpiga tumba anabadili, na mimi naisikia mara ya kwanza kama wewe.

Sasa VIP. Hapa ndipo nawaudhi mapromota, lakini ni kazi yangu na nitasema.

Makochi ya VIP huwekwa mbele kabisa, katikati, chini ya steji. Spika kubwa ziko pembeni kushoto na kulia, na zimeelekezwa zifike nyuma kwa watu. Wewe uliyelipa laki moja sauti ya mwimbaji inakupita juu ya kichwa. Unachosikia ni drams zenyewe zikipigwa, gitaa kutoka kwenye spika yake ndogo ya nyuma, na mabaki ya spika za waimbaji zinazowatazama wao, si wewe. Ukisogezwa pembeni karibu na spika kubwa, ndiyo mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15 kwenye kumbi. Mbele ya mnara wa spika tunakivuka kabla hujamaliza soda.

Nyuma kabisa nako kuna shida yake. Kwenye joto letu sauti inasafiri kama mita 350 kwa sekunde. Ukisimama mita 35 kutoka stejini, mlio unakufikia sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya fimbo kugonga ngoma. Ndiyo maana uwanjani unaona mkono wa mpiga drams umeshainuka ndipo unasikia. Fundi mzuri huweka spika za katikati ya uwanja na kuzichelewesha makusudi kwa kiasi hicho hicho, ili sauti mbili zikutane pamoja. Asiyejua huziwasha tu, na watu wa nyuma wanasikia kila neno mara mbili.

Besi ina ukorofi wake pia. Spika za besi zikiwekwa mbili, kushoto na kulia, mawimbi yake yanakutana na kusaidiana kwenye mstari wa katikati ya ukumbi. Ukitoka kwenye mstari huo hatua chache unaingia sehemu yanakouana, besi inalala. Tembea tembea ukumbini siku moja utaisikia ikija na kuondoka.

Kwa hiyo pazuri ni mahali pamoja tu, na hapauzwi: katikati, nyuma ya mikisa. Kila kitu ninachorekebisha nakirekebisha kwa masikio yangu yakiwa hapo. Kuna mzee mmoja miaka ile alikuwa anakuja kila Jumapili, peke yake, kanzu safi, anabeba kiti chake cha plastiki na kukiweka hatua moja nyuma yangu. Alikuwa hanisemeshi hadi mapumziko. Halafu anainama: "Mwanangu, solo la pili leo umelificha." Nilikuwa nimelificha kweli, waya wake ulikuwa unakwaruza.

Jambo la mwisho ni saa. Usije saa tatu ukakasirika. Saa tatu hadi saa tano wanapiga vijana wanaojifunza, wakubwa wako nje wanaongea. Wenyewe wanapanda kuelekea saa sita, na ukumbi ukijaa sauti nayo inatulia, kwa sababu miili ya watu inameza mwangwi wa mabati kuliko pazia lolote.

Mpwa wangu alinipigia tena saa mbili usiku. Amejua: kuna bendi kamili, hata tarumbeta wapo. Nikamwambia basi nendeni, thelathini hiyo ni halali.

"Mjomba, tumeshalipa VIP."

Nikacheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kijana: fundi wa kesho namfahamu. Kaeni kwenye makochi yenu mpaka saa sita, mpige picha zenu, halafu mje msimame nyuma yake. Mumwamkie. Na yeyote mwenye kinywaji mkononi asisogelee mikisa.