Hela kwanza au mzigo kwanza? Tuongee kuhusu kupigwa mtandaoni

Swali tunaloulizwa sana kwenye dawati letu la elimu kwa watumiaji ni hili, nitajuaje kama huyu muuzaji wa Instagram ni wa kweli, na mimi jibu langu siku zote ni kwamba hutajua. Watu huwa hawalipendi hilo jibu lakini ndo ukweli wenyewe. Folowaz wananunuliwa, komenti za "asante dada mzigo nimepokea" anaandika mwenyewe kwa akaunti nyingine, na picha za dukani kachota kwenye peji ya mtu wa Kariakoo ambaye hata hajui kama picha zake zinatumika. Kwa hiyo acha kumchunguza mtu uone kama ana sura ya uaminifu, jiulize kitu kimoja tu, kuanzia hela inapotoka kwangu mpaka mzigo unanifikia, nani kashika nini?

Ukienda dukani hilo swali halipo, unashika kitu, unakikagua, unalipa, unaondoka nacho. Mtandaoni lazima mmoja atangulie, ama mnunuzi atume hela bila kuona mzigo ama muuzaji atume mzigo bila kuona hela, na tapeli anaishi hapo hapo katikati. Wachina walikumbana na jambo hilohilo Taobao ilipoanza mwaka 2003, watu hawaaminiani kabisa, wakaleta Alipay ambayo inashika hela ya mnunuzi mpaka aseme mzigo nimeupata ndo muuzaji analipwa. Hawakubadilisha tabia za watu, walimtoa tu kila mmoja kwenye hatari ya kutangulia.

Sisi huku Tanzania biashara yetu kubwa inapita Instagram, WhatsApp na status, na huko hakuna anayekushikia hela. Ila kwa walio mji mmoja tuna njia yetu, bodaboda anakuja na mzigo, unaufungua mbele yake, unalipa ndo anaondoka. Muuzaji akikataa kabisa hiyo njia wakati mko wote Dar na kitu chenyewe ni cha laki tatu, mwache. Shida kubwa ni watu wa mikoani wanaotumiwa kwa basi, hapo unaweza kuomba muuzaji apeleke mzigo ofisi ya basi kwanza akutumie risiti, kisha wewe mwenyewe utafute namba ya hiyo ofisi (siyo anayokupa yeye, maana anaweza kukupa ya rafiki yake) uwaulize kama mzigo wenye jina lako upo. Hakikisho hilo siyo kamili, ndani ya boksi panaweza kuwa na matambara, lakini matapeli wengi hawafiki hata stendi.

Halafu kuna mawinga. "Maduka" mengi unayoyaona mtandaoni ni winga, hana duka wala stoo, anapiga picha kwa tajiri mwenye mzigo, wewe ukilipa ndo anaenda kuchukua. Huo siyo utapeli, watu wanaendesha familia kwa uwinga. Ila ujue unamlipa mtu ambaye mzigo hana bado, na akienda akakuta umeisha au bei imepanda hela yako anaizungusha kwanza, wiki mbili unaambiwa kesho. Muulize waziwazi, mzigo unao mkononi? Nipigie video, ukiwashe hicho kitu nikione na useme jina langu. Winga mzuri atakwambia ukweli.

Kingine ni kishika uchumba. Anakwambia tuma elfu ishirini tu nikuwekee kuna mwingine anakuja jioni, ukituma inakuja ya usafiri, kisha mzigo umekwama unatakiwa uongeze kidogo, na wewe unaongeza kwa sababu unaogopa kupoteza zile za mwanzo. Ukiombwa hela ya pili ambayo hamkuongea mwanzoni, ishia hapo.

Na jina linalotokea unapotuma hela lisome, usibonyeze tu. Watu wanasema laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu zile zisizosajiliwa zianze kufungwa Januari 2020, kwa hiyo tapeli atajulikana. Sawa, ila kuna laini zimesajiliwa kwa kidole cha mtu aliyeambiwa mtaani "weka tena haijasoma", na mwenye kidole hana habari. Piga *106# uangalie ni laini ngapi ziko kwenye namba yako ya NIDA, unaweza kushangaa.

Sasa wauzaji, maana nyie mnapigwa pia ila hamsemi. Skrinishoti siyo malipo, na meseji inayofanana na ya mtandao lakini imetoka namba ya kawaida siyo malipo. Angalia salio lako mwenyewe kabla bodaboda hajaachia mzigo, hata kama mteja anakupigia kelele kwamba ana haraka, tena hasa akiwa na haraka. Wapo pia wanaolipa kweli, wanapokea, kisha wanapiga kwa kampuni ya simu kudai walikosea namba ili hela irudishwe, ndo maana makubaliano yote yaandikwe kwenye chati, bei, kitu gani, kimepokelewa saa ngapi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji kama hizo zinaweza kupokelewa kama ushahidi mahakamani.

Simu za mtumba nitazigusa kidogo. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 uone inasoma simu gani, kabla ya kulipa siyo baada. Simu feki zilizimwa nchini Juni 2016 na simu ikishafungiwa umebaki na kioo.

Ukishapigwa, dakika za mwanzo ndo za muhimu, piga 100 ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe, ikiwa hela bado haijatolewa kuna matumaini. Meseji ya utapeli itume kwenda 15040, utajibiwa uweke namba iliyokutumia. Nenda polisi upate RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako), na usifute chati kwa hasira au kwa aibu maana ndo ushahidi wako wote. Na ukilalamika hadharani jiandae, ndani ya saa chache atakuja mtu inboksi anasema yeye ni wa kitengo cha mtandao au ana ndugu yake huko, anaweza kuirudisha hela yako, anaomba tu ada kidogo ya kufungua faili. Huyo mbloku, ni tapeli wa pili na mara nyingine ni yule yule wa kwanza.