Je, wajua kwa nini mkate mweusi wa Denmark haukatwi siku ulipookwa?

Mkate wa kila siku wa Wadenmark unaitwa rugbrød. Ni mweusi, mzito, mchachu kidogo, na umejaa punje unazozitafuna moja moja. Watoto huubeba shuleni, watu wazima huula kazini mchana. Wanaouoka nyumbani wana sharti moja: ukitoka ovenini leo, kisu ni kesho.

Sababu imo kwenye nafaka yenyewe. Rugbrød hutengenezwa kwa rai, ndugu wa ngano anayestahimili baridi na udongo usio na rutuba. Unga wa ngano ukiukanda huvutika, kama wa chapati, kwa sababu protini yake iitwayo gluteni hushikana. Wa rai hauvutiki hata uukande mpaka mikono iume. Kinachoushikilia ni wanga pamoja na nyuzi zinazofyonza maji mengi na kugeuka utelezi. Ndiyo maana rojo lake humiminwa kwenye chombo kama uji mzito, halifinyangwi.

Tatizo ni kwamba rai ina vimeng'enya vingi vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, punje huanza kuota zikiwa bado shambani na vimeng'enya huzidi. Ndani ya oveni, wanga wa rai hulainika mapema, wakati vimeng'enya bado viko hai, navyo huushambulia. Matokeo yake ni mkate unaonata kama gundi. Dawa yake ni uchachu: asidi hudhoofisha vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo chachu ya rugbrød si ya kuumulia tu, ndiyo inayouokoa mkate. Hamira ya dukani peke yake haitoshi.

Kwa chombo cha lita 2, jioni changanya gramu 200 za chachu ya rai iliyo hai (unga wa rai na maji vilivyoachwa vichachuke), gramu 250 za punje za rai zilizopasuliwa, gramu 125 za mbegu za alizeti na kitani, mililita 400 za maji na gramu 15 za chumvi. Funika, acha saa 12 ili punje zinywe maji. Zisipolowana vya kutosha zitakuwa ngumu mdomoni. Asubuhi ongeza gramu 350 za unga wa rai na mililita 150 za maji. Chota vijiko vitatu, weka kwenye chupa ndani ya friji: huo ndio mwanzo wa chachu ya mkate ujao. Rojo lijaze theluthi mbili za chombo. Acha liumuke; likikaribia ukingo, toboa juu kwa kijiti ili lisipasuke ovyo, kisha oka kwa nyuzi 180 kama saa moja na nusu. Kipimajoto kikisoma nyuzi 96 hadi 98 katikati, mkate umeiva. Ukibonyea juu, uliachwa uumuke kupita kiasi. Ukiwa na tabaka la kunata chini, ama chachu ilikuwa dhaifu ama uliutoa mapema.

Hata mkate ulioiva vizuri hunata ukiwa moto, kwa sababu wanga haujashika na maji bado yamejikusanya katikati. Ufunge kwa kitambaa, ulale. Kesho yake unakatika vipande vyembamba visivyozidi sentimita moja.

Hapo huja siagi, nayo ina kazi: huzuia mkate usinywe maji ya kinachowekwa juu, hasa samaki wa heringi aliyelowekwa kwenye siki. Kipande hicho chenye siagi na kitoweo juu huitwa smørrebrød, neno ambalo maana yake ni siagi na mkate. Huachwa wazi juu, na mezani huliwa kwa kisu na uma. Kwenye chakula cha kubeba, kila kipande hutenganishwa na karatasi maalumu ili maini yaliyosagwa na kupakwa juu yasigandie kipande cha juu.

Mabaki yaliyokauka hayatupwi. Hulowekwa na kupikwa kwa bia nyepesi tamu mpaka yawe uji, øllebrød, unaoliwa asubuhi kwa maziwa au krimu.