Mtoto akitimiza miaka saba, anakuwa wa baba?

Dodoma kauli hii utaisikia kuanzia Bahi hadi Kongwa: mtoto akitimiza saba, baba aje amchukue. Hivyo mama aliyetengana na mumewe, akitaka kuhamia Mwanza kikazi, huambiwa amwache mtoto. Sivyo sheria inavyosema, na inaniuma kuona watoto wanahamishwa kama mizigo kwa ajili ya kauli hiyo.

Umri huo umetajwa kweli katika kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini kwa maana nyingine: aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Hakuna panaposema akifika saba ahamie kwa baba. Mahakama hutanguliza ustawi wa mtoto. Humsikiliza mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na huangalia madhara ya kumvurugia maisha. Mila pia huzingatiwa, ila ng'ombe wa mahari peke yao hawaamui. Kama tayari kuna amri ya mahakama, isome kabla ya kukata tiketi, maana inaweza kuwa na masharti, hata la kutomtoa mtoto nje ya Tanzania.