Hedhi isiyokata: maswali ya kujiuliza kabla ya kwenda hospitali na ukiwa huko

Hedhi ikifika siku ngapi ndiyo imepita kiasi?

Ikizidi siku 8. Hesabu na siku za matone, si zile za damu nzito peke yake. Mzunguko nao uwe kati ya siku 24 na 38, kuanzia siku ya kwanza ya kuona damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Wengi huhesabu kuanzia damu ilipokata, na hapo mzunguko mzuri wa siku 28 unaonekana kuwa wa siku 22. Daktari akipewa hesabu hiyo atatafuta tatizo ambalo halipo.

Zangu huisha siku 5, ila damu ni nyingi mno. Nayo ni shida?

Ndiyo. Pedi inalowa chepechepe ndani ya saa moja au mbili, unavaa mbili kwa pamoja, unaamka usiku kubadilisha, unatoa mabonge yenye upana unaozidi sentimita 2.5: lolote kati ya hayo linatosha kukupeleka kituoni. Usijipoze kwa kusema mama na dada nao wako hivyo. Uvimbe wa fibroidi kwenye kizazi na magonjwa ya damu kutoganda huandama familia, kwa hiyo mama kuwa hivyo ni jambo la kumweleza daktari.

Ni wakati gani nisingoje hata asubuhi?

Pedi ikijaa kila saa kwa saa 2 mfululizo. Ukiona kizunguzungu ukisimama, ukizimia, moyo ukienda mbio nawe umekaa, au ukihema kwa kutembea hatua chache. Na ukiwa mjamzito, au hata ukihisi huenda ni mjamzito, ukapata maumivu makali ya tumbo la chini au ya ncha ya bega: inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo huua kwa kuvujia damu ndani ambako macho hayaoni. Nenda na mtu, usiende peke yako.

Aliyekwisha koma hedhi, yaani mwaka mzima umepita bila damu, akiona hata tone moja aende wiki hiyohiyo. Vivyo hivyo anayetoka damu kila baada ya kujamiiana: shingo ya kizazi inatakiwa kuangaliwa, hasa kama anaishi na VVU.

Nisubiri damu ikate ndipo niende?

Hapana. Kusubiri huku huwachelewesha wanawake wengi, kwa aibu ya kupimwa wakiwa wanatoka damu. Mhudumu anahitaji kuona damu inatoka wapi na kwa kasi gani, na kwake hilo ni jambo la kila siku. Ultrasaundi na kipimo cha damu hufanyika ukiwa kwenye hedhi bila tatizo. Ambaye hajawahi kujamiiana aseme mapema. Atapimwa kwa juu ya tumbo, si kupitia ukeni.

Beba karatasi yenye tarehe za hedhi 3 zilizopita, idadi ya pedi kwa siku iliyo nzito kuliko zote, na majina ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji, aspirini na za kuzuia damu kuganda. Taja pia sindano, vijiti au kitanzi cha uzazi wa mpango, na tarehe uliyowekewa.

Mbona wananipima mimba wakati najua sina?

Kwa sababu mimba inayotoka na mimba ya nje ya kizazi hujificha ndani ya kile kinachodhaniwa kuwa hedhi ndefu. Kipimo cha mkojo ni cha dakika chache, na kinabadilisha matibabu yote. Kikiachwa, mtu hupewa vidonge vya homoni huku mrija wa uzazi umeanza kupasuka. Hata aliyefunga kizazi apimwe.

Baada ya hapo huja wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 (gramu kwa desilita) ni upungufu na chini ya 8 ni upungufu mkali. Wapo wanaofika kwa miguu yao wakiwa na 5, kwa kuwa mwili umezoea kidogo kidogo. Kutembea kwako si ushahidi kwamba damu inatosha. Kutegemea maelezo yako, utapimwa pia tezi ya shingo na ugandaji wa damu. Ukiwa na miaka 45 au zaidi, huchukuliwa kipande kidogo cha ukuta wa ndani wa kizazi kutafuta saratani.

Nilianza kutoka damu baada ya kuwekewa vijiti. Nivitoe?

Sindano na vijiti huvuruga hedhi sana miezi ya mwanzo, na kitanzi cha shaba huifanya nzito kwa miezi 3 hadi 6. Mara nyingi hutulia, au hutulizwa kwa dawa. Lakini usilazimishwe kuvumilia: ukitaka vitolewe, ni haki yako. Ila omba njia nyingine siku hiyohiyo.

Binti yangu ana miaka 13, amefikisha siku 12.

Miaka 2 au 3 ya mwanzo yai halipevuki kila mwezi, hivyo hedhi huyumba. Hata hivyo siku 12 ni nyingi, apimwe damu. Kama tangu hedhi ya kwanza ilikuwa nzito, au hutoka damu puani na kwenye fizi, mwambie daktari, maana huenda damu yake haigandi vizuri. Mtoto huyo asipewe aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa.

Duka la dawa walinipa vidonge, damu ikakata, kisha ikarudi. Kwa nini?

Yaelekea ni norethisteroni, dawa ya homoni. Inashikilia ukuta wa kizazi. Ukimaliza, ukuta unadondoka ndani ya siku chache na damu inarudi. Ndivyo dawa inavyofanya kazi. Kosa ni kununua tena na tena bila kujua chanzo.

Asidi ya traneksamiki hufanya kazi tofauti: huzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Kwa kawaida ni gramu 1 mara 3 kwa siku, siku za damu nzito tu, zisizidi 5. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu asiitumie.

Na vidonge vya madini ya chuma usivisahau. Kunywa kimoja kwa siku na chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Endelea miezi 3 baada ya damu kurudi kiwango chake, kwa sababu akiba ya mwili hujaa mwisho.

Nikienda watanitoa kizazi?

Wengi hutibiwa kwa dawa, au kwa kitanzi chenye homoni kinapopatikana. Hata fibroidi zinaweza kuondolewa kizazi kikabaki. Ukitajiwa kutoa kizazi na bado unataka kuzaa, lisemwe hilo wazi kabla ya kusaini chochote, na omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake.