Maana ya kigae cha joto la jua, na paa la Tabora

Saa nane mchana, mwezi wa kumi, fungua bomba lililoungwa na mpira mweusi uliolala uani tangu asubuhi. Maji ya mwanzo huwezi kuyashika, yanaunguza. Subiri kidogo, yanapoa ghafla, kwa sababu ya moto yalikuwa yale yaliyolala ndani ya mpira tu, na sasa yameisha. Hakuna aliyewasha moto wala aliyenunua umeme. Mpira umekunywa jua tangu asubuhi, na maji yaliyokuwa ndani yake yamelipokea.

Ukiuelewa mpira huo, umeelewa sehemu kubwa ya kigae cha joto la jua.

Kigae cha joto la jua ni kigae cha kuezekea chenye kazi mbili. Kinazuia mvua kama kigae kingine chochote, halafu kinakusanya joto la jua na kuliteremsha ndani ya nyumba likatumike: kupasha maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo, na kwenye nchi za baridi, kupasha vyumba. Neno la kushika hapo ni joto. Hapa kwetu ukitaja sola, mtu anawaza paneli, betri, taa na kuchaji simu. Hiyo ni sola ya umeme. Nayo ina vigae vyake. Vile ambavyo kampuni ya Tesla ilivionyesha mwaka 2016 ni vya umeme, na picha zake zilizunguka sana, hata watu wengi wakadhani kila kigae cha jua ndicho hicho.

Jirani yangu mmoja wa Isevya, hapa Tabora, aliniuliza, "Mwalimu, hivyo vigae vya jua vinawasha friji?"

Nikamwambia, "Hapana mama, vinavyowasha friji ni vingine. Hivi ninavyovisema vinakupa maji ya kuoga."

"Basi hivyo vya kuoga ndivyo ninavyovitaka mimi. Mkaa wa maji ya watoto unanimaliza."

Jibu lake limenikaa kichwani. Asubuhi za Juni na Julai Tabora ni baridi. Tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, anga haina wingu, na joto la mchana linapaa lote usiku. Mtoto wa darasa la kwanza haogi maji ya tanki saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo jiko linawashwa, sufuria kubwa inabandikwa, na mkaa unaotoka kwenye miombo, misitu ileile inayowalisha nyuki wetu, unaungua ili maji yafike uvuguvugu tu. Nalitazama hilo kwa uchungu, kwa sababu saa chache baadaye bati lililo juu ya jiko hilohilo litakuwa la moto kiasi cha kutogusika, na joto lake halitamfaa mtu.

Sasa tuangalie kwa nini joto likusanywe kama joto, lisipitishwe kwanza kwenye umeme. Jua la adhuhuri, anga ikiwa safi, linapiga kila mita ya mraba ya paa kwa nguvu ya karibu wati 1,000. Paneli ya kawaida ya umeme inageuza kama asilimia 20 ya nguvu hiyo. Sehemu kubwa ya iliyobaki inaipasha paneli yenyewe moto na kupotelea hewani. Kikusanyio cha joto kilichotengenezwa vizuri kinachukua nusu, mara nyingine na zaidi. Kugeuza mwanga kuwa umeme ni kazi ngumu inayotaka vitu maalumu, lakini kupata moto juani hata jiwe jeusi linaweza. Kuzalisha umeme ili ukapashe maji ni kama kuuza mpunga wako ukanunue wali hotelini. Ni kweli kwamba bei za paneli zimeshuka sana, na wako wanaofanya hivyo bila hasara kubwa, hasa wenye paneli nyingi kuliko matumizi. Ila mwenye shida ya maji ya moto peke yake hana sababu ya kupitia njia ndefu.

Ndani ya kigae chenyewe kuna nini? Juu ni uso wa rangi nyeusi au ya giza, kwa sababu rangi hiyo hunywa mwanga badala ya kuurudisha. Chini ya uso huo kuna bamba la shaba au aluminiamu, metali zinazosafirisha joto upesi, na juu ya bamba au ndani yake vimepita vibomba vyembamba. Maji, au kimiminika kisichoganda kwenye nchi za theluji, yanapita humo yakizoa joto. Chini kabisa kuna tabaka la kuzuia joto lisishuke darini. Kila kigae kimeungwa na mwenzake, safu na safu, mpaka bomba moja kuu linaloshuka kwenye tanki.

Aina nyingine haitumii maji juu ya paa. Huko Sweden wapo waliotengeneza vigae vya kioo, umbo lake ni lilelile la kigae cha udongo, vinavyoezekwa juu ya kitambaa cheusi. Mwanga unapita kwenye kioo, kitambaa kinapata moto, na hewa iliyonaswa katikati inapata moto pia. Hewa hiyo ndiyo inayopeleka joto kwenye maji kupitia mtambo ulio chini. Kazi ya kioo unaijua kama umewahi kupanda gari lililoachwa juani madirisha yamefungwa. Mwanga huingia bila kizuizi, lakini joto linalotoka kwenye viti haliwezi kupenya kioo kurudi nje, wala upepo hauwezi kuingia kulichukua. Mswisi Horace-Bénédict de Saussure alilipima jambo hili mwaka 1767 kwa kasha lenye vioo vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, na ndani yake joto likapita kiwango cha maji kuchemka. Hakukuwa na moto, hakukuwa na mtambo. Kasha na vioo tu.

Aina hii ya hewa ndiyo inayonivutia zaidi kwa huku kwetu, kwa sababu ya michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukausha. Viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa, vinaanikwa juu ya mwamba au juu ya bati, na siku zote kuna mtu wa kufukuza kuku na kuchungulia wingu. Hewa kavu ya moto inayotoka chini ya paa la kioo, ikipitishwa kwenye trei ndani ya chumba safi, ingefanya kazi hiyo bila vumbi na bila nzi.

Turudi kwenye maji. Watu wanachanganya kukusanya joto na kulitunza, na nadhani hapa ndipo miradi mingi inapokwama. Jua linawaka mchana, maji yanatakiwa alfajiri. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya kipasha maji cha jua: matangi yaliyopakwa rangi nyeusi ndani ya kasha lenye kioo. Alasiri yalikuwa ya moto, asubuhi yamepoa, kwa maana tanki lilikuwa humohumo juu ya paa, likipigwa na baridi usiku kucha. Miaka 18 baadaye, mwaka 1909, William Bailey wa California akalitenga tanki na kikusanyio, akalifunika kwa vitu vya kuzuia joto lisitoke. Maji ya mchana yakafika asubuhi yakiwa bado ya moto. Kigae kiwe kizuri vipi, bila tanki lililofunikwa vizuri unakuwa na maji ya moto saa ambayo huyahitaji.

Tanki la namna hiyo si lazima litoke ng'ambo. Pipa ndani ya kasha la mbao, na kati yake pumba za mpunga zilizokauka sawasawa zikajazwa unene wa shubiri, linatunza joto vizuri. Pumba zimejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Mashine za kukoboa za Nzega na Igunga zina vilima vya pumba. Adui ni maji na mchwa. Zikilowa, kinga imekwisha.

Tupige hesabu ya familia ya watu watano, kila mtu ndoo ya lita 20, jumla lita 100. Maji ya asubuhi yana nyuzi kama 20, nawe unayataka yafike 40. Kazi hiyo inahitaji uniti 2.3 za nishati kwa siku, zilezile uniti za umeme unazonunua kwa LUKU. Kwa mwezi ni uniti 70 hivi, yaani karibu kiwango chote cha mwezi cha mteja mdogo wa TANESCO, ambaye mpaka wake ni uniti 75. Upande wa jua, uwanda wa kati wa nchi yetu unapokea uniti kama 5 kwa siku kwenye kila mita ya mraba. Ukikusanya nusu yake, mita moja ya mraba inatosha kwa shida. Weka mbili, kwa ajili ya joto linalopotea njiani na siku za mawingu. Paa la nyumba ya mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80 kabla hujahesabu mteremko. Unachohitaji ni mita mbili kati ya hizo themanini.

Ndiyo maana nasema waziwazi kwamba kigae chenyewe, kama kinavyouzwa Ulaya, si kitu cha kukimbilia hapa. Kilizaliwa kwenye miji ambako nyumba zinaezekwa kwa vigae tangu zamani, ambako watu hawataki sura ya paa iharibike, na ambako joto linahitajika la kupasha nyumba nzima. Vigae vya udongo au vya zege vina uzito wa kilo 40 na zaidi kwa mita ya mraba, wakati bati halifiki kilo 5. Kenchi iliyopigwa kwa ajili ya bati haiwezi kuubeba mzigo huo. Pia kila kigae kina maungio yake, na paa lenye vigae mia vya maji lina sehemu mamia za kuvuja. Fundi bomba wako ataipata wapi sehemu inayovuja, ikiwa iko chini ya kigae cha sitini na mbili? Mwenye bati, liwe la msauzi au lile lililofinyangwa kwa sura ya vigae, bora achukue wazo aache kifaa: kikusanyio kimoja cha mita mbili, kikakaa juu ya bati lilelile.

Kikae wapi? Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni, wakati wa baridi, linakuwa upande wa kaskazini. Kikusanyio kielekezwe huko, kwa mteremko mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, unaotosha vumbi kuoshwa na mvua na maji ya moto kupanda yenyewe. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo tanki likikaa juu ya kikusanyio, ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi, mzunguko unaendelea jua lote bila pampu. Ukiliweka chini, pampu ni lazima. Lakini kumbuka kwamba lita 100 ni kilo 100; fundi akague kenchi kwanza, au ajenge mnara pembeni ya ukuta.

Kuhusu usalama, tanki lililozibwa lisikose valvu ya kuachia mgandamizo. Maji ya nyuzi 60 yanambabua mtoto kwa sekunde chache, basi bafuni yachanganywe na ya baridi kabla hajaingia. Na maji ya uvuguvugu yaliyokaa siku nyingi huzalisha bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kwa matone madogo sana yanayorushwa na bomba la mvua la kuogea. Yatumike yaishe, au yafikishwe nyuzi 60 kabla ya kutumiwa.

Yule mama wa Isevya hakusubiri kigae wala kioo. Alinunua mita 100 za bomba jeusi la plastiki, la nusu inchi, mwanawe akaliviringisha kama mkeka juu ya bati la jikoni, upande wa kaskazini. Bomba lote linabeba kama lita 17, haijai ndoo, ila likipigwa na jua linafunika karibu mita mbili za mraba. Kila maji yakishapata moto anafungua koki, yanashuka kwenye pipa lililozungukwa na pumba, bomba linajaa upya. Anafanya hivyo tangu saa nne mpaka saa tisa, katikati ya kazi zake nyingine. Juzi saa kumi na mbili jioni alinifunulia mfuniko nikatia mkono. Yalikuwa ya kuoga moja kwa moja, bila kuongeza chochote, na jiko lilikuwa limeegeshwa ukutani na majivu ya jana.