Beji za Maofisa wa Zamani: Maneno ya Madalali na Ushahidi wa Chuma

“Hii imeokotwa Lugalo.”
Mapigano ya Lugalo, karibu na Iringa, kati ya Wahehe na Wajerumani, yalikuwa tarehe 17 Agosti 1891, kwa hiyo kitu chenye mwaka 1914 hakikuanguka pale siku ile. Hapo hakuna ubishi. Kazi iko kwenye vitu vyenye swastika, alama ya Wanazi, ambavyo navyo huuzwa Iringa na Tukuyu kama “vya vita ya Mjerumani”. Waingereza waliichukua miji hiyo miwili mwaka 1916, na Wanazi walishika madaraka 1933. Hata hivyo usikimbilie kusema ni feki. Katikati ya miaka ya 1920 walowezi wa Kijerumani walirudi kulima nyanda za juu, na baadhi yao walijiunga na chama cha Nazi. Kipini kidogo cha chama, chenye herufi RZM mgongoni (alama ya idara ya chama iliyoidhinisha watengenezaji), kinaweza kuwa halisi kabisa na kikawa kimetoka shamba la huko. Ila si beji ya ofisa.

“Kikinaswa na sumaku ni feki.”
Kwa Msalaba wa Chuma wa 1914, nishani ya kijeshi ya Ujerumani, mambo ni kinyume. Kiini chake ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kimebanwa kati ya fremu mbili za fedha zilizolehemewa ukingoni. Sumaku ikiukataa, shaka ianzie hapo. Kisha chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10, uzungushe ukingo taratibu: mstari wa maungio uonekane. Nakala iliyomiminwa kipande kimoja haina mstari huo, na weusi wake umepakwa tu juu ya fremu na kiini kwa pamoja. Mwaka 1813 ulioko upande wa pili si umri wa kitu chenyewe. Ndio mwaka nishani hiyo ilipoanzishwa. Wala usilipe bei ya ofisa, maana askari wa kawaida pia walitunukiwa.

“Isugue ing’ae, bei itapanda.”
Hili ndilo linaloharibu vitu vingi kuliko feki zote. Beji za sare ya kazi za maofisa wa Uingereza zilitengenezwa kwa shaba nyeusi, na weusi ule uliwekwa kiwandani makusudi ili zisimetemete. Mtu akiiona anadhani ni uchafu, anachukua Brasso, dawa ya kung’arisha shaba, na kitambaa, na dakika kumi baadaye ana kipande cha njano kisichotofautiana na cha askari wa kawaida. Nyota ya bega ndiyo inayoumia zaidi. Katikati ina mataji matatu, na kuyazunguka kuna maneno TRIA JUNCTA IN UNO kwa herufi ndogo sana. Herufi zikishalika, hutajua tena kama ni usuguaji au ni nakala mbovu. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, basi.

“Kutu ya kijani ni cheti cha uzee.”
Siki, chumvi na siku chache kwenye udongo zinatosha kuitengeneza. Lowesha pamba kidogo ufute: kijani cha haraka hutoka kama unga, cha miaka mingi kimeng’ang’ania. Angalia pia mahali kilipo. Beji iliyovaliwa kweli hulika kwanza sehemu zilizoinuka, na uchafu hubaki mashimoni. Kijani kikiwa kimetapakaa sawasawa kila mahali, mgongoni na kwenye kishikizo pia, kuna mtu alikipaka.

“Taji la mduara lazima liwe la kabla ya 1952.”
Kwenye taji la beji za Uingereza, matao ya mduara ni ya wafalme wa 1901 hadi 1952. Yaliyobonyea katikati ni ya enzi ya Elizabeth wa Pili. Lakini Charles wa Tatu amerudisha ya mduara tangu 2022, kwa hiyo taji peke yake halitoshi.

“Ni nzito, basi ni fedha.”
Pima. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, glasi ya maji na uzi mwembamba.

1. Pima beji kavu. Tuseme gramu 12.60.
2. Weka glasi ya maji kwenye mizani, irudishe sifuri.
3. Ninginiza beji majini isiguse chini wala pembeni, na pangusa mapovu ya hewa. Tuseme mizani inasoma 1.50.
4. Gawanya: 12.60 kwa 1.50 ni 8.4.

Shaba ya njano hukaa karibu na 8.5, fedha halisi 10 na zaidi kidogo, na aloi ya zinki inayopendwa na waghushi huwa chini ya 7. Kipimo hiki hudanganya kwenye beji yenye uwazi ndani, enameli au metali mbili, na Msalaba wa Chuma ni mmojawapo.

Mwisho geuza mgongo. Beji nyingi za bati la shaba ziligongwa kwa muhuri, hivyo mgongoni mchoro hutokea kinyume, uso ukiwa mkali. Nakala iliyomiminwa ina vitundu vya hewa na chembechembe kama mchanga, tena huwa ndogo kidogo kuliko ya asili kwa kuwa metali husinyaa ikipoa. Lehemu mpya inayong’aa kwenye vishikizo haimaanishi beji yote ni feki. Mara nyingi kishikizo kilikatika kikarudishwa. Bei ndiyo ishuke.